Ukinyimwa kazi kwa sababu isiyohusu kazi: cha kuangalia na cha kufanya

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja Chang'ombe, na wengi wanaonijia jioni ni mabinti waliotoka kwenye usaili. La kwanza ninalowaambia: usifute tangazo. Kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar, tangazo hufutwa mara nafasi ikijaa, nawe unabaki na maneno matupu. Lipige picha ya skrini, namba iliyotuma na tarehe vionekane.

Kisha lisome taratibu. "Anahitajika dada mrembo wa mapokezi, miaka 18 hadi 25, asiwe na mtoto." Huo ni ubaguzi wa moja kwa moja. Jinsia, umri na majukumu ya familia vimekatazwa na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, pamoja na kabila, dini, ujauzito, ndoa, ulemavu na VVU. Na usikubali kuambiwa sheria hiyo ni ya walioajiriwa tu. Kifungu hicho kinamlinda mwombaji kazi pia, na wakala wa ajira naye anahesabiwa kuwa mwajiri.

Unaosumbua zaidi ni ule usio wa moja kwa moja, maana sharti linaonekana la watu wote. Dada mmoja wa Mbagala aliniletea tangazo la karani wa stoo: awe na leseni ya pikipiki. Kazi yenyewe ni kukaa na leja, kuhesabu katoni zinazoingia na zinazotoka. Neno mwanamke halikuandikwa popote, lakini mtaani kwao wasichana wenye leseni hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo jiulize: sharti hili linawaacha nje kina nani zaidi? Na je, kazi inalihitaji kweli? Ingekuwa kazi ya kusambaza mizigo kwa bodaboda, leseni ingekuwa halali kabisa, kwa sababu sheria inaruhusu kutofautisha watu kwa kile ambacho kazi yenyewe inadai.

Ukiulizwa kwenye usaili unatarajia kuzaa lini, usigombane. Uliza kwa upole swali hilo linahusianaje na majukumu ya kazi. Ukitoka, kabla hujapanda daladala, andika nani aliuliza, kwa maneno gani, saa ngapi, na nani mwingine alikuwepo. Kumbukumbu hizo zina nguvu kuliko watu wanavyodhani: ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Mwandikie barua fupi ya kuomba sababu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakati unasubiri jibu, siku zinahesabiwa. Mgogoro wa aina hii unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa Fomu Namba 1, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu. "Tutakupigia" zimewapotezea wengi haki yao, na ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Mjamzito aliyeachishwa asingoje ajifungue. Aje na barua yake ya kuachishwa, tujaze fomu pamoja wiki hiyohiyo.