Namna ya kuandika ugomvi wa wamisheni na wanakijiji, hatua kwa hatua

Mie naandika hadithi fupi na michezo ya redio, na vijana wa hapa Wete, Pemba, wananletea sana kazi za namna hii: padri kaja, kakuta mizimu, kagombana na mganga, mmoja kafukuzwa, imekwisha. Sasa sikizeni.

Hatua ya kwanza, jua uko wapi na mwaka gani. Ukiandika kijiji cha bara ni mambo mengine, lakini ukiweka hadithi Unguja usinakili ya bara maana huku wa kugombana hawakuwa wawili, walikuwa watatu: wamisheni, wafuasi wao waliotoka bara, na wenyeji Waislamu. Wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, walifika Unguja 1864, soko la watumwa likafungwa 1873 na kanisa likajengwa pale pale Mkunazini, na wafuasi wao wa mwanzo wengi hawakuwa wenyeji, walikuwa watumwa waliokamatwa majahazini na manowari za Uingereza, watu wa bara, wakawekwa Kiungani na Mbweni, vituo vya misheni nje ya mji. Wenyeji wa shamba walikuwa Waislamu tayari, na wengine msikitini wanakwenda na mzimuni ubani wanapeleka vile vile. Pemba Maquaker, Wakristo wa Uingereza waliopinga utumwa, walikuja 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria, kwa hiyo huku hadithi yako haikwepi mashamba ya karafuu na watumwa waliogeuka vibarua.

Hatua ya pili, tafuta kitu kimoja cha kugombania. Sio "imani", imani haishikiki. Ngoma inayopigwa usiku, maiti azikwe wapi, mtoto aitwe nani, chochote kile.

Ya tatu ndo ngumu. Kila mtu awe na sababu yake. Mie zamani niliandika mganga anapiga makelele tu toka mwanzo hadi mwisho, shangazi yangu nikamsomea, akanambia, "Mwanangu, huyu mganga wako hana watoto? Hali? Halali?" Nikaichana.

Hebu tujaribu pamoja. Mbweni, mama wa Kiyao, kabatizwa, mwanawe ana homa siku ya tatu. Padri kampa kwinini na mama kamnywesha mtoto, hakuitupa, hapo ndo wengi mnakosea mnamfanya mbishi. Ila usiku anaona hajakamilisha. Mizimu ya kwao imebaki ng'ambo, makaburi ya wazee hayajui hata aliko, atamwita nani? Basi anakwenda kwa jirani Muislamu kuazima chetezo, anakificha ndani ya kanga, kinamuunguza mkono. Asubuhi padri anamuinamia mtoto ampime joto, anausikia ubani kwenye shati. Anamtazama mama. Mama anatazama mkono wake. Hakuna aliyetaja Mungu wala shetani, na ugomvi wote umo humo ndani.

Hatua ya nne fupi: padri asiongee Kiswahili cha kuchekesha. Steere, mmisheni wa UMCA, alikusanya hadithi za Unguja akazichapa kitabu 1870, kwa hiyo padri wako anaweza akawa anazijua hadithi za kwenu kukushinda weye.

Mwisho msomee mtu mzima kwa sauti, usimpe karatasi. Akikuuliza "mtoto kapona?" usimjibu, na usiongeze ukurasa.