Jinsi ya kufanya kazi na wapokeaji wadogo wa ruzuku za afya bila kugeuka askari wao

Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanzishwa mwaka 2002 na wenye makao yake Geneva, hauna ofisi katika nchi unazozifadhili. Hutia saini mkataba na mpokeaji mkuu, ambaye kwa hapa Tanzania amekuwa Wizara ya Fedha kwa upande wa Serikali na Amref Health Africa kwa upande wa asasi za kiraia. Mpokeaji mkuu naye huingia mikataba na wapokeaji wadogo, yaani asasi wanaofanya kazi wilayani na vijijini. Mpokeaji mdogo akitumia fedha kinyume cha mkataba, anayedaiwa na Mfuko ni mpokeaji mkuu. Hapo ndipo inapoanza hofu, na hofu hiyo isipoongozwa vizuri humfanya mhasibu wa mpokeaji mkuu amwone mwenzake wa wilayani kama mtuhumiwa.

Anza kabla ya saini. Tathmini ya uwezo isiishie kwenye dodoso lililojazwa kwa barua pepe. Nenda ofisini kwao, kaa na mhasibu, mwombe akuoneshe malipo mamoja ya mwezi uliopita tangu ombi hadi risiti. Nusu saa hiyo itakueleza mengi kuliko katiba ya shirika. Ukikuta udhaifu, usiwatupe kwa sababu hiyo tu, kwani mara nyingi asasi yenye vitabu dhaifu ndiyo inayofahamika kwa wagonjwa wa kifua kikuu mtaani. Andika udhaifu huo ndani ya mkataba kama sharti lenye tarehe, na mwanzoni toa fedha kwa mafungu madogo.

Mikataba mingi hutaja siku ambazo mpokeaji mdogo anatakiwa kuleta taarifa ya robo mwaka, lakini haisemi mpokeaji mkuu atajibu lini. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo kosa kubwa kuliko yote. Weka muda wa pande zote mbili, tuseme siku kumi za kazi za kuhakiki, na maswali yote yapelekwe kwa barua moja. Maswali yanapokwenda matatu leo na mawili wiki ijayo, fungu linalofuata huchelewa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii hukosa posho, na ufuatiliaji wa wagonjwa walioacha dawa husimama huku kila upande ukiwa na hakika kwamba mwenye kosa ni mwingine.

Kuhusu vielelezo vya malipo, kubalianeni mapema, tena kwa mifano. Niliwahi kupokea karatasi ya posho yenye sahihi thelathini, zote kwa wino mmoja na mwandiko unaofanana. Rahisi ilikuwa kuandika neno "udanganyifu" na kukataa gharama yote. Tulipiga simu kwa washiriki kadhaa kwa namba zilizokuwa kwenye orodha ya mahudhurio, tukabaini kwamba walilipwa kwa simu na karani akawasainia ili karatasi ionekane kamili. Dawa yake ilikuwa taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu iambatishwe badala ya sahihi. Vivyo hivyo kwa nauli ya bodaboda, ambaye huwezi kumdai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi: tengenezeni fomu moja ya tamko la safari yenye kiwango cha juu kilichokubaliwa, kabla mtu hajapanda pikipiki.

Huruma isivuke mpaka, lakini. Palipo na wizi, simamisha malipo na utoe taarifa kwa Mfuko mara moja, maana kuficha hukufanya mshiriki.

Miezi sita kabla mkataba wa mpokeaji mdogo haujaisha, kaeni pamoja na rejesta ya mali, mkikagua pikipiki, kompyuta na majokofu kimoja kimoja kwa namba zake, na mwandike nani atabaki na kipi na bakaa ya benki itarudishwa tarehe gani, wakati wafanyakazi wanaozijua funguo ziliko bado wako kazini.