Kuzamia Karibi baada ya kimbunga: ulizia kompresa kabla ya matumbawe

Kazi yangu ni kuzamia vizimba vya sato huku Igombe, Mwanza. Nashuka na mtungi mgongoni, nakagua wavu kwa mikono, nashona palipotoboka, natoa samaki waliokufa, nakaza kamba za nanga. Macho hayana kazi sana kule chini. Siku ya upepo ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako. Ndiyo maana niliweka akiba kwenye kikoba miaka miwili na nusu ili nizamie mahali ambapo maji yanaonyesha mita ishirini na zaidi. Mafia nilishafika, na Unguja ndiko nilikojifunzia. Safari hii nilichagua Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi ya Grenada, nikapanga kwenda Desemba 2024.

Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kikapita juu ya Carriacou, na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Maofisa wa huko walikadiria kwamba karibu asilimia 98 ya majengo ya Carriacou na ya jirani yake, Petite Martinique, yaliharibika au kubomoka kabisa. Niliziona picha kwenye simu nikiwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba nasubiri gari, nikakaa juu ya kreti ya watu bila hata kuomba ruhusa. Mama aliyekuwa anapima dagaa aliniuliza, "Mwanangu, umefiwa?"

Sikufuta safari. Niliisogeza hadi Machi 2025 na kuipanga upya kuanzia mwanzo. Mwaka huo huo, tarehe 28 Oktoba, Melissa nacho kikaipiga Jamaika upande wa kusini magharibi kikiwa kwenye daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa. Kwa hiyo wazamiaji wenzangu wameanza kuniuliza kama inafaa kwenda mahali palipoumia, na mtu anaanzia wapi. Inafaa kabisa, na watu wa huko wanahitaji wageni warudi. Ila anzia nchi kavu.

Karibu kila anayenipigia huuliza kwanza hali ya matumbawe. Mimi nauliza kompresa, mashine ya kushindilia hewa. Mtungi wako unajazwa na kompresa, na kompresa inakula umeme au dizeli. Boti inakula petroli. Ukiumia unahitaji daktari, na daktari anahitaji jengo lenye paa. Kimbunga huvunja hivyo kwanza. Mwamba ulioko mita ishirini na tano chini unaweza kubaki karibu kama ulivyokuwa, kwa sababu nguvu ya mawimbi hupungua kadiri unavyoshuka, huku juu yake kisiwa kizima kikiwa hakina pa kulaza mgonjwa.

Chagua muda kabla ya kutafuta tiketi. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki unaanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na makali yake yako karibu na tarehe 10 Septemba. Kisiwa ambacho mapaa yake bado ni maturubai hakiwezi kuhimili hata dhoruba ya kawaida, kwa hiyo usikiendee ndani ya msimu huo hata kama bei imeshuka nusu. Kuanzia Januari hadi Mei kule Grenada ni kiangazi. Mimi niliacha miezi minane ipite tangu Beryl, na naona ilikuwa sawa: watu walikuwa wameshazika, wameshalia, wameanza kujenga, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa na chumba ambacho hakuna aliyekuwa anakihitaji kama makazi. Hilo la mwisho liulize waziwazi. Kama chumba unachotaka kulipia kina familia iliyohifadhiwa humo, tafuta kingine au subiri.

Usiridhike na ujumbe wa maandishi. Piga simu. Mwanza tuko mbele yao kwa saa saba, kwa hiyo ukipiga saa nne usiku kwao ni saa tisa alasiri, boti zimesharudi na watu wamekaa. Salimia vizuri kabla ya shida yako. Watu wa visiwa vile ni kama sisi, anayeingia na swali bila salamu anahesabiwa hana adabu.

Nilipiga simu kwa vituo vitatu vya uzamiaji. Kimoja kilinijibu kwamba kila kitu kiko sawa, nikashukuru na kukiacha, kwa sababu hakuna kisiwa ambacho miezi minne baada ya pigo lile kila kitu kiko sawa. Niliyemchagua alinieleza mambo mabaya bila kuombwa: boti ni moja badala ya mbili, umeme unakatika, sehemu tano anazozijua zimefungwa ili zipumzike. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kumkabidhi hewa yako.

Kwenye hewa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapopafahamu. Umeme ukikatika, kompresa huendeshwa kwa jenereta, na jenereta inatoa moshi. Bomba la kuvutia hewa likiwa karibu na moshi ule, au upepo ukigeuka, kaboni monoksaidi inaingia kwenye mtungi. Haina harufu. Juu ya maji kiasi kidogo utakivumilia. Ukishuka, mgandamizo unaongeza makali yake, unaumwa kichwa, unachanganyikiwa, na uko mita ishirini chini. Kwa hiyo uliza: jenereta iko wapi na bomba la hewa liko wapi? Kichujio kilibadilishwa lini? Nani anapima hewa? Ukifika, fungua mtungi kidogo, nusa. Hewa yenye harufu ya mafuta au ya mpira ulioungua irudishe. Hewa isiyo na harufu bado ipimwe, na kipimo kidogo cha mkononi cha kaboni monoksaidi ukikipata kinafaa kuliko kamera. Hapa Igombe tumehamisha kompresa yetu mara mbili kwa sababu ya upepo wa ziwa, sembuse kisiwani ambako jengo lenyewe la kompresa lilipeperushwa.

Baada ya hewa, uliza hospitali. Hospitali ya Carriacou iliharibiwa na Beryl, kwa hiyo niliuliza nani anahudumia, oksijeni iko ngapi kwenye boti na ngapi nchi kavu, na chemba ya mgandamizo ya karibu iko kisiwa gani. Chemba ndiyo tiba ya mzamiaji aliyepanda haraka na kupata mapovu ya naitrojeni mwilini, na kwenye visiwa vidogo mara nyingi inabidi usafirishwe hadi nchi nyingine. Majibu hayo ndiyo yalinifanya nipunguze. Nilikuwa nimepanga mizamio ishirini, nikafanya kumi na moja, yote ndani ya mita ishirini na mbili, mbali kabisa na mpaka wa kompyuta yangu ya kuzamia, ile ya mkononi inayohesabu kina na muda. Mahali penye hospitali dhaifu, zamia kwa woga. Ni woga mzuri.

Bima ni mbili. Ya kwanza ni ya ajali za uzamiaji, inayolipia chemba na ndege ya mgonjwa. Ya pili ni ya safari, na hii uikate mapema, kwa kuwa dhoruba ikishapewa jina, bima utakayonunua baada ya hapo haitaihesabu. Soma maandishi madogo kuhusu kimbunga kabla hujatia saini.

Njia ya kutoka Mwanza ni ndefu, na viza za kupitia zinachosha. Ukipitia Marekani unahitaji viza hata kama hutoki nje ya uwanja. Kwa Uingereza pia uliza mapema. Beba kadi ya manjano: ukibadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa unaweza kudaiwa kinga ya homa ya manjano mbele ya safari. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla, na dozi moja inatosha maisha yote. Fedha za Grenada ni dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1976. Beba taslimu za noti ndogo, kwani umeme ukikatika mashine za kadi nazo zinalala. Mimi safari nzima ilinigharimu kama milioni kumi na mbili za Tanzania.

Sasa vifaa, na hapa nasema na sisi watu wa ziwa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kompyuta zetu zimewekwa kwa mwinuko na kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kabla ya mzamio wa kwanza baharini, hakiki kwamba imerudi kwenye usawa wa bahari na maji ya chumvi. Halafu risasi za mkanda, yaani vipande vya madini ya risasi vinavyomshusha mzamiaji. Maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa karibu asilimia 2.5, yanakuelesha. Mimi na vifaa vyangu tuna kilo 85, hesabu ikanipa kilo mbili za kuongeza, na ndizo zilizonishusha. Fanya hesabu yako nyumbani, kisha ithibitishe kwenye kina kifupi penye mchanga, kwa sababu mzamiaji asiyetulia majini anaangukia matumbawe ambayo tayari yana majeraha. Na vifaa vya ziwani vioshwe na kukaushwa kabisa siku kadhaa kabla ya safari. Tangu 2014 kuna ugonjwa unaoua matumbawe magumu, ulioonekana kwanza karibu na Miami kisha ukasambaa Karibi. Ukiambiwa uloweke vifaa kwenye dawa kati ya sehemu moja na nyingine, loweka.

Chini ya maji nilikutana na yote mawili. Kwenye kina kifupi matumbawe ya matawi yalikuwa yamelala vipande vipande kama kuni baada ya shoka, sponji zimeng'olewa, mchanga umefunika vingine. Nilipofika penye mita kumi na nane hivi, nikaona kuta zenye rangi, samaki wamejaa, kobe amejilaza chini ya mwamba. Nililia ndani ya miwani.

Mkono wangu ndio ulionipa kazi kubwa. Kwenye vizimba nashika kila kitu, maana bila kushika sioni. Kule usishike chochote, hata kipande kinachoonekana kimekufa. Kipande cha tumbawe kilichovunjika kikiwa bado kina uhai kinaweza kushikizwa tena kwenye mwamba na wenye ujuzi huo, na ukikipindua au kukifukia kwa mchanga wa mapezi yako umekimaliza. Nilifunga mikono kifuani siku mbili nzima hadi ikazoea.

Huko utaonyeshwa pia samaki simba, mwenye miiba mirefu ya sumu. Asili yake ni bahari zetu za huku Hindi na Pasifiki. Alionekana Florida 1985 na sasa anakula samaki wachanga Karibi nzima. Wazamiaji wa pale humchoma kwa mkuki na kumla. Niliwaeleza habari ya sangara, alivyoletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na furu, samaki wetu wadogo, walivyopotea, na kwamba leo huyo huyo ndiye anayewapa watu wengi mkate. Mwongozaji alinyamaza muda mrefu akiangalia maji. Akaniomba nimhadithie tena mbele ya mkewe.

Kuhusu msaada: uliza kabla ya kubeba. Nilikuwa nimenunua nguo za watoto, nikashukuru Mungu nilipiga simu, maana nguo walikuwa nazo hadi hawana pa kuziweka. Walichotaka ni oringi (pete za mpira) za regulata, kifaa cha kupumulia, grisi ya silikoni na taa za sola. Vyote viliingia kwenye begi moja dogo. Nyumba ya mtu iliyobomoka usiipige picha. Kula kwenye vibanda vya pale, lala kwa mwenyeji, lipa ada ya hifadhi ya bahari ya Sandy Island bila kupunguza bei. Na ukikuta mtu anataka kusimulia usiku ule, kaa umsikilize hadi amalize, hata kama boti inasubiri.

Siku ya mwisho usizamie. Baada ya mizamio ya siku kadhaa acha angalau saa kumi na nane kabla ya kupanda ndege. Mimi niliacha saa ishirini na sita. Toka Carriacou kwa boti ya abiria hadi kisiwa kikuu, ambayo haikupandishi angani, kisha ndege kesho yake.

Siku hiyo yangu niliitumia kijiji cha Windward, huko huko Carriacou, ambako wanaunda mashua za mbao ufukweni kwa mikono. Baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi Ukerewe, kwa hiyo nilikaa kwenye kivuli nikatazama. Fundi mmoja mzee alikuwa anaziba mwanya kati ya mbao mbili kwa uzi wa pamba, anausukuma ndani kwa patasi butu, taratibu. Nikamwambia kwetu tunaziba vivyo hivyo, na pamba yenyewe tunalima. Akanipa patasi na nyundo. Niliziba kama urefu wa mkono mmoja, akaja akakagua kwa kidole, akasema hapo hapatavuja, kisha akaniuliza jina la baba yangu ili amkumbuke mashua itakapoingia majini.