Kwato za punda wa kazi: jinsi ya kuzitunza, kutoka bandani hadi kwenye chakula

Farasi mkoani Tabora ni wa kuhesabu. Mbung'o wa misitu ya miombo waliwafungia njia tangu enzi za misafara, maana farasi akipata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, hachukui muda kuanguka. Mnyama wa jamii hiyo tuliyebaki naye ni punda, na huku Nzega, Igunga na Uyui ndiye anayebeba madumu ya maji, kuni, magunia ya mpunga na mizigo ya mnadani. Mimi kazi yangu ni kupunguza na kutibu kwato zake. Mengi ya hapa chini yanamfaa farasi pia. Pale wanapotofautiana nitasema.

Kwanza elewa jambo moja, kwani hatua zote zinalitegemea. Kwato huota kutoka juu, pale nywele zinapoishia, na kushuka polepole, kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Ncha inayogusa ardhi leo ilianza kuota miezi tisa hadi kumi na miwili iliyopita. Kwa hiyo kwato unayoiona ni matokeo ya chakula na banda la mwaka jana, na chochote utakachorekebisha leo utakiona kikishuka taratibu kutoka juu. Mtu akikuletea dawa ya kupaka inayoimarisha kwato kwa wiki moja, mshukuru na umwache aende zake.

Hatua ya 1: Mzoeze kuinua mguu

Wengi wanaanzia kamba: punda anafungwa, anaangushwa, watu wanne wanamkalia. Siku ya pili hamkaribii mtu. Punda akiogopa huganda pale pale, na sisi tunaita ukaidi. Fimbo haimfungui.

Simama pembeni mwa bega lake la kushoto, ukitazama mkia. Weka mkono begani, ushushe polepole hadi juu kidogo ya kifundo, ubonyeze na useme neno moja lile lile kila siku, mfano "inua". Akihamisha uzito na kuinua hata kidogo, mwachie na umpongeze kwa kumkuna shingo. Rudia kesho. Ukishika mguu, uweke chini, karibu na ardhi. Usiuvute nje wala juu, hasa kwa punda mzee ambaye viungo vinamuuma. Anza na kihongwe angali mdogo, utakuja kunishukuru.

Hatua ya 2: Safisha kila jioni

Chuma cha kuchokonolea si lazima kununua. Fundi wa kuchomelea atakupindia kipande cha nondo nyembamba na kukisaga ncha iwe butu. Ongeza brashi ngumu ya kufulia.

Geuza kwato uitazame chini. Utaona ukuta mgumu unaozunguka, unyayo uliobonyea kidogo ndani yake, na katikati pembetatu laini kama mpira, yenye mifereji pembeni. Chokonoa kutoka kisiginoni kuelekea nchani, usirudi nyuma, usije ukaichoma pembetatu. Kazi kubwa iko kwenye mifereji: ndiko changarawe na samadi hukaa. Punda akitoka kazini, fanya hivi kabla hujamfungulia akale. Ukizoea, miguu yote minne haikuchukui dakika kumi.

Halafu nusa. Ndiyo, nusa. Kwato nzima inanuka udongo. Ukikutana na harufu ya kitu kilichooza na uji mweusi mferejini, huo ni uozo, na masika ni msimu wake. Kwato ya punda hunyonya maji kuliko ya farasi, ni mnyama aliyetokana na nchi kame, kwa hiyo Desemba hadi Aprili macho yawe hapo. Osha, kausha kwa kitambaa, kisha changanya sukari vijiko viwili na iodini ya kahawia ya duka la dawa kijiko kimoja, uisokote kwenye pamba na kuijaza mferejini. Badilisha kila siku mpaka harufu iishe na sehemu ikauke.

Oili chafu ya gari usipake. Najua ndiyo dawa ya mtaa mzima. Inaziba uchafu ndani na kuchoma nyama laini. Na kumchoma punda mguu kwa chuma cha moto ili "damu mbaya itoke" hakujawahi kuponya kilema, kunaongeza kidonda cha pili.

Hatua ya 3: Soma ukuta wa kwato

Mara moja kwa wiki, kukiwa na mwanga mzuri, pitisha kiganja mbele ya kwato zote nne. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, kuna jambo. Tazama nyufa: ufa mfupi unaoanzia chini mara nyingi ni wa kwato ndefu au kavu, na ukipunguza vizuri hauendelei. Ufa unaoanzia juu kwenye nywele ni wa afisa mifugo.

Tazama pia mikunjo inayozunguka kwato kama pete. Hapo ndipo napapenda. Ukiona mwezi wa tatu mkunjo mmoja mzito ulioshuka karibu nusu ya ukuta, hesabu nyuma: umeanzia mwezi wa kumi, majani yakiwa yameisha na visima viko mbali. Mwenye punda akikataa kwamba mnyama alishinda njaa, kwato inamkatalia. Mnadani huwa naangalia mikunjo kabla ya meno. Mikunjo inayotanuka kisiginoni na kubanana mbele ni mbaya zaidi; hiyo ni dalili kwamba amewahi kuugua uvimbe wa ndani ya kwato, ugonjwa nitakaouzungumzia kwenye chakula.

Hatua ya 4: Punguza kila baada ya wiki 6 hadi 10

Wazee wengi huniambia, "Kijana, barabara inamkata yenyewe." Barabara ya changarawe inakula kwato kweli, ila haili sawasawa: inakula upande anaoegemea na kuacha mwingine. Na kwato ya punda wa vijiji vya mchanga hailiwi kabisa, mpaka ncha inapinda juu kama mtalawanda uliochakaa.

Unahitaji koleo ya kukatia kwato, kisu chenye ncha iliyopinda, na tupa kubwa. Kwa asiyezoea nasema hivi: mwachie fundi koleo na kisu, wewe nunua tupa. Ukisugua kidogo kila wiki tatu au nne, huwezi kuharibu sana.

Kiangazi kwato inakuwa ngumu kama jiwe. Usipambane nayo. Msimamishe kwenye tope la kisimani nusu saa, au mfunge gunia lililolowa, ndipo uanze.

Safisha, kisha tafuta mstari wa rangi ya maziwa unaotenganisha ukuta na unyayo. Unachopunguza ni ukuta uliozidi, mpaka ukaribie kulingana na unyayo. Unyayo wenyewe usiuchonge. Toa tu vigamba vilivyokufa vinavyobanduka vyenyewe. Ukiona rangi ya waridi, simama hapo hapo, umekaribia nyama. Visigino viwili viwe na kimo kimoja: tazama kutoka nyuma, jicho likiwa usawa wa kwato. Mwisho zungusha tupa ukingoni uondoe makali, ili ukuta usimeguke akikanyaga jiwe.

Sasa punda na farasi wanapoachana. Kwato ya punda ni nyembamba na imesimama zaidi. Anayeilaza ifanane na ya farasi anamuumiza kano. Kipimo chako kiwe hiki: punda akisimama sehemu tambarare, mstari wa mbele ya kwato uendelee na mstari wa mfupa ulio juu yake, bila kuvunjika.

Kwato iliyopinda miaka miwili hainyooshwi siku moja. Punguza kiasi, rudi baada ya mwezi, punguza tena.

Hatua ya 5: Mahali pa kulala

Hapa sina maneno mengi. Zizi la ng'ombe wakati wa masika ni bwawa la mkojo na samadi, na punda anasimama humo usiku kucha. Mtengee kona iliyoinuka, mwaga mchanga mkavu au maranda ya seremala, chimba mtaro wa kutolea maji. Hata eneo la kulala wawili tu linatosha.

Hatua ya 6: Chakula, na pumba zinazoua

Kwato zinaanza kuharibikia kwenye ndoo ya pumba. Punda ameumbwa ale majani makavu, magumu, kidogo kidogo siku nzima. Wa kilo 140 anatosheka na kilo 2 hadi 3 za malisho makavu kwa siku, na akifanya kazi nzito mwongezee. Mabua ya mahindi, nyasi za mbuga zilizokatwa kabla hazijazeeka, na majani makavu ya mpunga akikosa bora zaidi. Maji apate mengi, ndoo ya lita 20 iwe karibu siku ya jua.

Mwenye mkokoteni akipata fedha, huona amemheshimu punda kwa kumjazia karai la pumba au mahindi. Wanga mwingi kwa mara moja unavuruga utumbo, sumu inaingia kwenye damu, na nyama inayoushikilia mfupa ndani ya kwato inavimba; huo ndio uvimbe niliokutajia kwenye mikunjo. Dalili: anakataa kutembea, anaegemea nyuma kupunguza uzito miguu ya mbele, kwato zina moto, na ukigusa nyuma ya kifundo mshipa unadunda kwa nguvu. Ukikuta hivyo, au ukikuta amevunja ghala la mahindi hata kama bado anatembea, mpigie afisa mifugo saa hiyo hiyo. Toa nafaka zote, simamisha miguu kwenye maji baridi, mwekee matandiko laini na asitembezwe.

Pumba zisizidi nusu kilo kwa mlo. Zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo hazijengi mfupa. Kwato yenyewe ni protini, nayo inataka zinki na shaba. Kwa huku kwetu namshauri mtu hivi: konzi mbili za mashudu ya alizeti kwa siku, maana yana methionini, kijenzi cha protini ambacho kwato inakihitaji, majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri au majani ya viazi vitamu, na jiwe la chumvi alambe atakavyo. Jiwe la madini la ng'ombe linasaidia, mradi halina urea. Biotini, vitamini wanayopewa farasi wa mashindano kwa ajili ya kwato, hutolewa miligramu 15 hadi 20 kwa siku kwa miezi mingi. Kwa punda anayekula majani ya kutosha, fedha hiyo ni bora ununulie nyasi za kiangazi.

Mawili ya hatari. Mahindi au mabua yenye ukungu yanaweza kuharibu ubongo wa punda na kumuua, hata kama ng'ombe wamekula na wako salama. Na chakula cha kuku kinaweza kuwa na dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku) kama monensini, ambayo kiasi kidogo tu kinasimamisha moyo wake. Vifungie vyote viwili.

Hatua ya 7: Akichechemea ghafla

Jana alikuwa mzima, leo hakanyagi kabisa mguu mmoja: mara nyingi ni usaha ndani ya kwato, au msumari. Inua, safisha, tafuta tundu au doa jeusi kwenye unyayo. Msumari ukiwa bado umo, piga picha kwanza uone umeingia wapi na kwa pembe gani, halafu umuulize afisa mifugo kama uutoe wewe au umsubiri.

Bila msumari, loweka kwato kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika ishirini mara mbili kwa siku, kausha, funga kitambaa safi na juu yake kipande cha tyubu ya pikipiki. Usichimbe mwenyewe kutafuta usaha. Uliza chanjo ya pepopunda, maana punda na farasi huugua sana kupitia matundu ya namna hii.

Unapopiga simu uwe na majibu tayari: mguu upi, tangu lini, kwato ina joto au haina, alikula nini siku mbili zilizopita, na lini amepunguzwa mara ya mwisho. Hili la mwisho ndilo watu hukwama, kwa hiyo tarehe iandike kwa mkaa ukutani mwa banda siku ile ile unapomaliza kusugua tupa.