Bima ya Vitu vya Ndani: Maneno ya Fundi wa Friji

Karakana yangu iko Mwananyamala, Dar es Salaam. Natengeneza friji, televisheni, maikrowevu na mashine za kufulia. Siuzi bima wala sipewi kamisheni na mtu. Ila mteja akipeleka dai la kifaa kilichoharibika, kampuni humwambia alete ripoti ya fundi, na ripoti nyingi za mitaa ya kwetu naziandika mimi. Wakala anamwona mteja siku ya kulipa ada. Mimi namwona siku ya hasara.

Kwa hiyo anayeniuliza achague bima ipi, namwambia hivi: bima hailipii kitu, inalipia sababu. Ziliwahi kukaa mezani kwangu televisheni mbili kwa pamoja, inchi 55 zote, kampuni moja, zote zimekufa. Mwenye moja alilipwa, mwenye nyingine akaambiwa pole. Ya kwanza ilimwagikiwa maji, bomba la jirani wa ghorofa ya juu lilipasuka usiku. Ya pili nilipofungua mgongo nikakuta varista, kile kidude kinachokinga umeme ukizidi, imepasuka kama bisi na fyuzi imekuwa nyeusi tii: umeme uliingia mwingi. Mkataba wake ulikuwa na mstari mmoja unaosema hitilafu ya umeme ndani ya kifaa haimo. Mstari huo alikuwa hajausoma, na wakala hakumsomea.

Basi kabla hujauliza bei, kaa sebuleni kwako ujiulize vitu vyako vinaweza kupotea kwa njia gani.

Maji kwanza, maana hii ni Dar

Anayeishi ghorofa ya tatu Sinza na anayeishi bondeni Kigogo hawana hofu moja. Mvua za Desemba 2011 zilipojaza bonde la Msimbazi, watu wa Jangwani na Mchikichini walipoteza kila kitu, na serikali ikawahamishia baadhi yao Mabwepande. Friji iliyolala kwenye maji ya Msimbazi naijua hata kabla sijaifungua: mstari wa tope unaonekana ubavuni, na kwenye vichwa vya kompresa kutu imeshaanza.

Muulize wakala maswali matatu yaliyo tofauti kabisa. Maji ya mto au mtaro yakiingia ndani, je? Bomba la ndani likipasuka, je? Mvua ikipenya kwenye paa, je? Bima nyingi zinakubali bomba bila ubishi. Mafuriko mara nyingine ni kipengele cha kuongezea kwa ada yake, na ukiwa bondeni wanaweza kukukatalia au kukupandishia. Paa linalovuja kwa sababu bati limechoka usilitegemee, hayo wanayaita uchakavu. Na kama mafuriko ndiyo hofu yako, kata bima kabla ya masika, yaani kabla ya Machi. Ukisubiri maji yafike mlangoni ndipo umpigie wakala, hakuna atakayekupokea.

Umeme, sehemu inayowatesa wengi

Hapa nitakaa kidogo, ni kazi yangu.

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Nyutro, yaani ule waya unaorudisha umeme, ikikatika kwenye nguzo, nyumba yako inaweza kupokea umeme unaopanda kuelekea volti 400, na kila kilichochomekwa kinakufa kwa mara moja: TV, king'amuzi, chaja, wakati mwingine hata taa. Hiyo ni ajali ya ghafla na inaonekana wazi kwenye saketi. Aina ya pili ni umeme mdogo, ule wa jioni ambapo feni inazunguka kwa uvivu. Huo unaua kompresa ya friji polepole, miezi na miezi, na hakuna bima ya vitu vya ndani ninayoijua inayolipia kifo cha polepole. Aina ya tatu ni kifaa kuzeeka tu.

Soma mkataba uone umeweka wapi mstari. Mara nyingi utakuta hivi: moto uliosababishwa na umeme unalipwa, lakini kifaa chenyewe kilichoanza kuungua kwa shoti ya ndani yake hakilipwi. Maana yake, feni ikiwaka na kuunguza kochi na pazia, utalipwa kochi na pazia, feni utanunua mwenyewe. Kampuni nyingine zinauza nyongeza ya kupanda ghafla kwa umeme. Kama una friji mbili na TV kubwa, nyongeza hiyo inafaa kuulizia. Wengine wanaweka sharti la kuwa na stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Ukikubali sharti, inunue kweli na uhifadhi risiti yake, kwa sababu wataiulizia.

Wizi

Neno la kutafuta kwenye mkataba ni uvunjaji wa nguvu. Mikataba mingi inalipia wizi pale tu mwizi alipovunja kuingia au kutoka: kitasa kimeng'olewa, nondo zimekatwa, dari limetobolewa. Sasa wezi wetu wa dirishani unawajua. Anapitisha fimbo yenye ndoano kwenye nondo, anachana wavu kidogo, anaondoka na simu na suruali yenye pochi. Je, wavu uliochanwa ni uvunjaji? Muulize wakala hilo kwa maandishi, na jibu lake ulihifadhi. Nimeona kampuni moja ikikubali na nyingine ikikataa.

Kitu alichochukua dada wa kazi, mgeni au ndugu aliyelala sebuleni, kwa kawaida hakimo. Simu iliyokwapuliwa na bodaboda barabarani, tuseme pale Morocco ya hapa Dar, nayo haimo, maana haikuwa nyumbani. Kwa simu, laptopu na kamera unazotoka nazo kuna kipengele chake, kinaitwa bima ya hatari zote; ada yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo weka humo vitu vichache tu. Na familia zinazofunga nyumba Desemba kwenda Moshi au Bukoba, ulizeni nyumba inaruhusiwa kukaa tupu siku ngapi. Siku 30 ndiyo idadi ninayoiona mara nyingi. Zikizidi, wizi haulipwi mpaka uwe umewaarifu mapema.

Mlipuko nao uulizie. Sisi tuliokuwepo Aprili 29, 2009 Mbagala ilipotikisika kwa mabomu ya ghala la jeshi, na Februari 16, 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto, hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Fujo na vurugu za kisiasa mara nyingi huuzwa kando.

Orodha na bei

Mpangaji asidanganyike kwamba mwenye nyumba ana bima. Bima ya mwenye nyumba ni ya kuta na paa. Kochi ni lako, na hasara yake ni yako.

Shika daftari, ingia chumba kwa chumba. Watu wanakumbuka TV na friji wanasahau mapazia, magodoro, vyombo vya jikoni, jiko la gesi na mtungi wake, nguo, viatu, vitenge vya sandukuni. Jumlisha kwa bei ya kununua upya leo Kariakoo, si bei uliyonunulia. Jumla yake huwashtua wengi.

Kwa nini uwe mkweli hapo? Tuseme vitu vyako vyote vina thamani ya shilingi milioni 12, wewe ukaandika milioni 6 ili ada iwe ndogo. Moto ukaunguza jikoni, hasara milioni 3. Unategemea milioni 3, kwa kuwa haijafika 6. Hawalipi hivyo. Watasema ulikatia bima nusu ya mali, basi utalipwa nusu ya hasara: milioni 1.5. Bado hapo hawajatoa kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho kila mteja anakibeba mwenyewe. Kiasi hicho nacho kiulizie kabla ya kusaini. Kikiwa, tuseme, laki mbili, basi pasi na blenda usizipigie hesabu kabisa, hazitalipwa kamwe.

Jambo jingine linalobadilisha ada ni namna ya kulipwa. Kuna kulipwa kipya kwa cha zamani, na kuna kulipwa thamani ya kitu baada ya kutoa uchakavu. Friji ya mwaka 2016 kwa njia ya pili itakupa hela ya kununua mlango wake. Kama vitu vyako vingi ni vikongwe, chukua ya kwanza hata kama ina ada kubwa. Kama vyote umenunua juzi, ya pili inaweza kukutosha kwa sasa, kisha uibadilishe wakati wa kuhuisha.

Angalia pia kikomo cha kitu kimoja. Mkataba unaweza kusema hakuna kitu kimoja kitakacholipwa zaidi ya asilimia fulani ya jumla mpaka kiwe kimetajwa kwa jina. Dhahabu, kamera na TV kubwa vitaje. Fedha taslimu za kibubu sahau.

Halafu biashara. Mama anayeuza aiskrimu kwa friji la sebuleni, binti mwenye cherehani tatu chumba cha nje: hivyo kwa macho ya bima ni mali ya biashara. Vitaje tangu mwanzo, au kata bima ndogo ya biashara. Ukificha na wakaja kugundua, wanaweza kukataa dai zima, hata la kitanda. Vivyo hivyo kibanda cha makuti pale Kigamboni, au wizi uliokupata mwaka jana: sema.

Piga picha kila kitu, na nyuma ya kila kifaa piga ile lebo yenye modeli na namba ya mashine, kabla hujasukumia friji ukutani. Simu, bonyeza *#06# uandike IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi ya dukani, ipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi zile hufutika. Nimeletewa risiti nyeupe pee. Ukinunua cha mtumba, muuzaji akuandikie risiti ya mkono yenye namba ya mashine. Picha zote mtumie ndugu yako, au zihifadhi kwenye barua pepe. Kuziacha kwenye laptopu itakayoibiwa hakusaidii.

Ununue kwa nani

Kampuni, broka na mawakala wote wanapaswa kuwa na leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Benki nazo siku hizi zinauza bima kama wakala. Mimi sina upendeleo, ila omba bei kwa watatu kwa orodha ileile moja, na kila mmoja akupe mkataba mzima usome nyumbani. Anayekupa kipeperushi peke yake mwache. Uliza kama bei aliyotaja ina VAT ndani. Ada ilipe kwenye akaunti au lipa namba ya kampuni, kamwe usimtumie wakala kwenye simu yake, hata kama ni shemeji. Bila ada kufika kwa kampuni huna bima. Ukishapewa hati, chukua namba yake uihakiki TIRA.

Swali moja la mwisho kwa wakala, na ndilo linalonionyesha mengi: "Dai likitokea nampigia nani, na nani ataandika ripoti?" Mmoja alimjibu mteja wangu mbele yangu, "Mama, tukifika huko tutaongea." Mama akafunga pochi yake akaondoka.

Siku ya hasara

Moto, piga 114 kwa Zimamoto na baadaye uombe ripoti yao. Wizi, nenda polisi siku hiyohiyo uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Kampuni iarifu mara moja, kwa simu kisha kwa maandishi, maana mkataba una ukomo wa siku. Piga picha kabla ya kusafisha.

Kifaa usikifungue, na usimruhusu fundi yeyote akifungue, hata mimi, kabla mkadiria hasara, yule anayetumwa na kampuni kukagua, hajakiona au hajatoa ruhusa. Nikishabadilisha fyuzi, ushahidi umeondoka nayo. Mimi huandika nilichokiona na sababu yake. Kuna wanaoniomba niandike umeme wakati kompresa imezeeka, nawarudishia mzigo wao.

Dai likikataliwa na huridhiki, omba sababu kwa barua, kisha peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huduma yake ni bure na huhitaji wakili.

Na wakishakulipa TV nzima, ile iliyokufa ni mali yao mpaka waseme vinginevyo. Usiniletee ninunue vipuri.