Jinsi ya kuomba nafuu ya madeni Kenya bila kupoteza gari la mkopo unalolifanyia kazi

Kabla hujaandika barua yoyote, tenganisha madeni yako. Mkopo wa gari uweke peke yake. Mengine yote, yaani mikopo ya simu, Fuliza (deni la M-Pesa), Sacco na deni la duka, yawe fungu la pili. Ukiingia benki na kilio cha jumla kwamba umelemewa, utasikilizwa kwa upole na kuondoka mikono mitupu. Mkopeshaji wa simu atakusumbua kwa meseji hadi usiku, lakini hana pa kukamata. Aliyekukopesha gari mara nyingi anao ufunguo wa ziada na kifaa kilichofichwa ndani ya dashibodi kinachomwonyesha umeegesha wapi.

Kisha toa mkataba uusome, hasa kurasa zile ulizotia sahihi bila kuzisoma. Unatafuta kama ni mkopo wa kawaida ambao gari ni dhamana yake, au ni mkataba wa ununuzi kwa awamu uliosajiliwa chini ya Sheria ya Hire Purchase, Sura ya 507. Tofauti ni kubwa. Kwa huo wa pili, ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye gari, yaani aliyekukopesha, hawezi kulichukua hivi hivi. Lazima aende mahakamani. Mikopo mingi ya benki haiko hivyo: logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ina majina mawili, lako na la benki, na kifungu cha kuchukua gari umekikubali kwa maandishi.

Sasa muda. Kwa kanuni za Benki Kuu, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mbovu. Omba kabla ya hapo. Ndani ya siku hizo unaongea na ofisa wa mikopo wa tawi lako, mtu anayekujua sura. Zikipita, kwa kawaida faili huhamia kwa wakusanya madeni, na wao kazi yao si kukupangia upya chochote.

Nyaraka ni zile zile za siku zote: kitambulisho, PIN ya KRA, taarifa za benki na M-Pesa za miezi 6, nakala ya logibuku. Ongeza ripoti ya CRB, yaani rekodi ya jinsi unavyolipa mikopo. Una haki ya nakala moja ya bure kila mwaka, kwa hiyo usikubali kuuziwa hiyo ya kwanza. Inayosahauliwa ni bima. Lazima iwe kubwa (comprehensive), iwe hai, na iwe ya matumizi sahihi. Gari linalobeba abiria kwa malipo huku bima yake ikiwa ya binafsi ni uvunjaji wa mkataba hata kama hudaiwi hata shilingi, na hapo ndipo ombi lililokuwa linaendelea vizuri hukwama.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Sema kipato kimeshuka lini na kwa nini, gari linaingiza kiasi gani baada ya mafuta, servisi na makato ya app ya abiria kama unaitumia, na unaomba nini hasa. Usiandike "naomba mnisaidie". Andika: naomba muda uliobaki uongezwe kutoka miezi 24 hadi 42. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo huwa kwenye droo ya mtu aliyetoka kwenda kula. Msubiri.

Hapa ndipo pesa zangu zilipopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wakati ombi linasubiri kamati ya mikopo ya benki, ofisa aliniambia kwa mdomo nisilipe kwanza, "tutarekebisha yote pamoja". Ofisa alijua, mfumo haukujua. Mfumo uliendelea kuhesabu faini kila siku, ukatuma onyo la kuripotiwa CRB, na kamati ilipokutana ikakuta mteja mwenye malimbikizo mapya. Faini zote zikaingizwa kwenye mtaji, yaani deni la msingi, sasa zinazaa riba. Ofisa mwenyewe alikuwa ameshahamishiwa tawi jingine. Ukiambiwa usilipe, jibu kwa heshima: "Sawa, nitumie hilo kwa barua pepe." Isipokuja, lipa unachoweza kila tarehe, hata nusu, na uweke risiti.

Ofa ikija, usiangalie awamu ya mwezi tu. Chukua deni la 600,000 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Kwa miezi 24 unalipa kama 28,800 kwa mwezi. Kwa miezi 42 inashuka hadi karibu 18,150. Unapumua, lakini mwisho wa safari umelipa takriban 71,000 zaidi, bila kuhesabu ada ya kupanga upya na ya mthamini, ambaye benki humchagua na wewe humlipa. Kwangu bado inafaa, mradi gari liko barabarani. Wakikupa miezi ya kupumzika, uliza kama riba nayo inapumzika. Huwa haipumziki. Na kama deni lilishakuwa bovu, kumbuka kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: riba tangu siku hiyo haiwezi kuzidi mtaji uliokuwepo siku hiyo. Omba taarifa ya mkopo ukague mwenyewe.

Fungu la pili sasa. Anza na Sacco, kwa sababu ukishindwa wanakata akiba za wadhamini wako, na hao mnakutana kila siku. Ikiwa hata hivyo hesabu haitoshi, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaruhusu mpango wa hiari na wadai: unatafuta mtaalamu wa ufilisi aliyeidhinishwa, mnaandaa pendekezo, mnaomba Mahakama Kuu amri ya muda ya kuwazuia wadai, kisha wadai wanapiga kura. Mtaalamu huyo analipwa, kwa hiyo si njia ya deni la laki moja. Tena mpango huo haugusi haki ya mwenye dhamana bila yeye kukubali. Yaani hata wadai wengine wote wakisema ndiyo, benki yenye gari bado inaweza kusema hapana. Ndiyo maana makubaliano ya gari yawe yameshatiwa sahihi kabla hujagusa njia hii.

Baada ya mwezi mmoja, angalia tena CRB kama mkopo umeandikwa kwa masharti mapya, maana tawi na makao makuu huwa hawasomi barua moja. Na siku utakapomaliza kulipa, dai barua ya kuachilia dhamana na uingie mwenyewe kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kuhakikisha jina la benki limetoka.