Jinsi ya kuchagua mradi kwenye kikao cha bajeti ya wadi

Wakazi wa Nyalenda, Kondele au Ahero, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, wakiitwa kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, kila mmoja huja na mradi wake. Anzeni na kanuni kwanza: nani atangulie, walio wengi au walio taabani zaidi? Ipimeni kwa swali hili: ungeikubali hata kama hujui kesho utaamkia Milimani kwa wenye nacho au kwenye tambarare za mafuriko kule Nyando? Hiyo ndiyo kazi ya falsafa. Ikirukwa, mwenye sauti kubwa huamulia wote.

Kisha wekeni bei mbili kwa kila mradi: ya kujenga, na ya kuendesha mwaka baada ya mwaka. Zahanati hula mshahara wa muuguzi, dawa, maji na stima. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inadai angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, lakini mishahara haitoki katika fungu hilo. Ndiyo maana jengo huisha na kufuli likabaki mlangoni. Muulizeni afisa wa afya kuhusu muuguzi kabla ya kura, si baada.

Kura yenyewe ina mtego ambao mwanahisabati Mfaransa Condorcet aliueleza mwaka 1785. Tuseme mko 100. Watu 40 wanataka zahanati, kisha barabara, kisha kisima. Wengine 35: barabara, kisima, zahanati. Waliobaki 25: kisima, zahanati, barabara. Mkishindanisha miwili miwili, zahanati inaishinda barabara kwa 65, barabara inakishinda kisima kwa 75, na kisima kinaishinda zahanati kwa 60. Mnazunguka tu, na mradi utakaoletwa mwisho, dhidi ya mshindi wa miwili ya kwanza, ndio utakaoshinda. Kwa hiyo anayepanga ajenda ameshaamua, hata kama hakukusudia. Afadhali kila mtu aipange yote mitatu kwenye karatasi: chaguo la kwanza pointi 2, la pili 1, la tatu 0. Hapa barabara inapata 110, zahanati 105, kisima 85. Njia hii nayo ina kasoro zake, ila haimpi mwenyekiti ushindi mkononi. Hesabuni hadharani.

Siasa ni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Watu wengi hujitokeza Mei, ilhali viwango vya matumizi vya kila idara vilishawekwa kwenye ule mkakati. Pelekeni ombi mapema, kwa maandishi: wadi, mradi, bei zote mbili, kura zilizopigwa, na mkae na nakala iliyopigwa muhuri. Mkinyimwa hati za bajeti, andikeni ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Isipojibu, pelekeni malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.